“Umefika, au Umesikia?”: Mwalimu wa Garissa anayeihoji akili unde

Saa moja kamili asubuhi, na jua la Garissa tayari limeshika kazi. Katika darasa la pili la Chuo cha Biashara na Maendeleo cha Waberi, feni zimesimama kwa sababu umeme umekatika. Madirisha yote yako wazi. Juu ya ukuta wa nje korongo ametulia kama askari aliyechoka na zamu. Ndani, wanafunzi arubaini na watatu wamebanana wanne wanne, kila kundi na simu moja.

“Simu juu!” anaamuru Ruqiya Alio.

Simu kumi na moja zinapaa. Katika vyuo vingi, amri kama hiyo hufuatwa na mwalimu kupita na kikapu akizikusanya. Hapa ndiyo kengele ya kuanza somo la uandishi.

“Abdimalik, tusomee alichoandika Abti.”

Abti ni mjomba kwa Kisomali, kaka wa mama. Ndilo jina ambalo wanafunzi hawa wameipa akili unde, ile programu ya simuni unayoiuliza jambo ikakupa insha nzima kabla hujameza mate. Wameiita hivyo, wanasema, kwa kuwa kama wajomba wengi haijawahi kukosa jibu.

Abdimalik, kijana wa miaka 22 kutoka Hadado, Wajir, anasimama na kukohoa kidogo. “‘Soko la mifugo la Garissa hufurika wanunuzi wenye bashasha, na mbuzi dume huuzwa kwa wastani wa shilingi elfu ishirini na mbili…’”

“Simama hapo. Muulize.”

Darasa zima linamsaidia kwa sauti moja: “Umefika, au umesikia?”

Abdimalik anabonyeza simu. Anasoma. Kisha mabega yake yanaanza kutikisika kwa kicheko. “Anasema, ‘Samahani, mimi sijawahi kufika sokoni. Bei hiyo ni makadirio tu.’”

“Wallahi, huyu ni muongo mwenye adabu!” inapaa sauti kutoka nyuma, na darasa linalipuka.

“Na nyinyi, mlifika?” Ruqiya anawakata.

“Tulifika Jumatano, mwalimu.” Ni Ramlo, msichana mwembamba mwenye daftari lililokunjwa mara mbili. “Mbuzi mkubwa kabisa ilikuwa elfu kumi na tatu na nusu. Na hakuna bashasha yoyote. Wanunuzi walikuwa wanalia kuliko wauzaji.”

“Hiyo!” Mwalimu anapiga meza kwa kiganja. “Wanunuzi walikuwa wanalia kuliko wauzaji. Iandike kama ulivyoisema. Abti hata akizeeka hataipata hiyo.”

Ruqiya ana miaka 39, watoto watatu, na sauti inayofika barabarani. Amefundisha uandishi wa barua, ripoti na insha kwa miaka kumi na miwili. Mshahara wake ni shilingi elfu thelathini na nane kwa mwezi, na sehemu yake huishia kwenye bando za intaneti za shilingi ishirini ishirini, kwa sababu mtandao wa chuo haufiki darasani. Hukomea kwenye ukuta wa ofisi ya mkuu, ambako mchana wanafunzi huegemea kama mbuzi wanaotafuta kivuli.

Asubuhi hii ana haraka. Leo ni Jumatatu. Alhamisi, wanafunzi wake wataingia ukumbini bila simu hata moja, waandike kwa kalamu na karatasi, na karatasi hizo zisahihishwe na mwalimu wa nje. Mwaka jana, darasa lililolitangulia hili lilipasisha wanafunzi ishirini na wanne kati ya arubaini na watatu. Wakipungua hapo, akili unde itapigwa marufuku kabisa chuoni, na Ruqiya atatolewa kwenye somo la uandishi apelekwe maktaba.

“Maktaba yenyewe ina vitabu mia mbili na paka mmoja,” anasema. “Paka hahitaji mwalimu.”

Kisa chenyewe kilianza na mto.

Mwezi Januari, aliwapa wanafunzi wapya kazi rahisi: eleza mahali ulipozaliwa. Alibeba insha nyumbani, akawalisha watoto wake, akaketi na kikombe cha chai. Insha ya kwanza ilikuwa na mto wenye maji maangavu unaopita kando ya kijiji. Ya pili pia. Kufikia ya kumi alianza kuhesabu. Kati ya insha arubaini na tatu, ishirini na tisa zilikuwa na mto.

“Sasa mtu wa Masalani akiniambia habari za mto, namwamini. Tana iko pale, ataivuka kwa boti,” anasema Ruqiya. “Lakini huyu Abdimalik ni wa Hadado! Nikamuuliza mbele ya wenzake, mto wenu unaitwaje? Akasema, ‘Mwalimu, hauna jina.’ Nikamwambia hauna jina kwa sababu hauna maji, na hauna maji kwa sababu hauko.”

Abdimalik anakubali bila kinyongo. “Abti alinichoma,” anasema. “Mimi nilimwambia tu aandike kuhusu nyumbani. Sikumwambia nyumbani kwa nani.”

Walicheka siku hiyo. Ruqiya naye alicheka, akawakaripia, akaendelea na silabasi. Hilo, anasema sasa, lilikuwa kosa lake la kwanza. La pili halikuwa la kuchekesha.

Mwezi Machi aliwapa kazi ya kuandika barua ya kweli kwa ofisi ya kweli. Timiro Khalif, msichana wa miaka 24 kutoka kijiji kimoja nje ya Banissa, kaunti ya Mandera, aliandika kwa shirika moja la misaada kuomba lori la maji. Bwawa la kwao lilikuwa limekauka. Timiro hakuwa mwandishi. Alifika chuoni akizungumza Kisomali kizuri na Kiswahili cha kuombea chumvi dukani. Lakini barua ile ilikuwa tamu. Ilikuwa na utangulizi, takwimu na shukrani za mapema.

“Niliipa alama themanini na tano,” anasema Ruqiya, na kwa mara ya kwanza sauti yake inashuka. “Nikamwambia, mashallah, itume leo leo.”

Barua ilisema kijiji kina kaya mia moja na ishirini. Timiro hakuwa amempa Abti hesabu yoyote. Alimwambia watu ni wengi, naye Abti akajaza. Wafanyakazi wa shirika walipofika, walihesabu kaya sitini na nne. Wakahesabu tena. Kisha wakaandika kwamba ombi hilo haliaminiki, wakageuza gari na kwenda kwenye vituo vingine vilivyokuwa kwenye orodha.

Lori la maji lilifika siku kumi na tisa baadaye. Mama yake Timiro alikuwa amepoteza mbuzi kumi na mmoja.

Timiro anasimulia hayo akiwa ameketi kwenye benchi nje ya darasa, akizungusha kifuniko cha kalamu vidoleni. “Nilitaka kurudi nyumbani,” anasema. “Lakini narudi na uso gani? Nilimpigia baba nikalia. Nikasema, Aabo, simu ilinidanganya.”

Baba yake, Khalif, ni mfugaji ambaye hajawahi kukaa darasani. Hakumgombeza. Alimuuliza swali moja.

“Aliniuliza, ‘Huyo aliyekupa hesabu, alifika hapa?’ Nikasema hapana. Akasema, ‘Basi wewe uliwezaje kuhamisha watu kwa neno la mtu ambaye hajafika?’”

Timiro alimweleza mwalimu wake maneno hayo siku aliyokwenda kuaga. Ruqiya anasema alikuwa ameshika kijiko cha sukari juu ya kikombe, na mkono ukabaki hapo hapo hewani.

Kila mtoto wa mfugaji wa Kaskazini Mashariki analijua jambo hilo. Kabla ya ukoo kuhama, mtu hutumwa mbele kwenda kutafuta malisho na maji. Safari hiyo huitwa sahan. Anaporudi, hapewi pongezi. Anapewa chai, kisha anakalishwa na kuulizwa maswali hadi jasho limtoke. Umeona kwa macho au umeambiwa? Nyasi zafika wapi, kwenye kifundo cha mguu au goti? Mvua ilinyesha lini? Ulikutana na nani huko, na mifugo yao ilikuwa na hali gani? Na mwisho huulizwa swali ambalo wengi hulikwepa: wewe mwenyewe, ungepeleka ngamia wa mama yako huko?

Hakuna anayemwona mwulizaji kuwa mkorofi. Ukoo ukihama kwa habari mbaya, wanyama hufa njiani, na baada yao watu.

“Nikasema, subhanallah! Hawa watoto wamelelewa na maswali haya,” anasema Ruqiya, mikono ikiruka. “Wanajua kumhoji mtu kuliko wakili. Halafu wakishika simu wanakuwa kama wageni wa harusi, wanakula kinacholetwa! Hawakuhitaji mimi niwafundishe kufikiri. Walihitaji mtu wa kuwaambia kwamba huyu Abti ni mtu aliyetumwa sahan akalala njiani. Basi mkalishe, muulize.”

Kabla hajawaambia, marufuku ya kutumia akili unde ilikuwa imebandikwa mlangoni. Habari za barua ya Banissa zilikuwa zimemfikia mkuu wa chuo, Noordin Yakub, mtu mpole mwenye bodi kali juu ya kichwa chake. Ruqiya aliingia ofisini kwake bila kubisha.

“Nilimwomba muhula mmoja tu,” anasema.

Noordin anaikumbuka siku hiyo kwa tabasamu la mtu aliyeumwa jino. “Nilimwambia, mwalimu, usinifanye mjinga mbele ya bodi. Akanijibu, ‘Mkuu, wanaoandika mito ya Hadado wameshatufanya wajinga sote.’ Sasa mtu kama huyo utamjibu nini?”

Walikubaliana. Marufuku ibaki mlangoni lakini darasa lake lisamehewe muhula mmoja, kisha mtihani wa mwisho, mada atakayoichagua mkuu mwenyewe papo hapo, msahihishaji wa nje. Ruqiya aliweka sahihi. Chumba cha walimu kilipasuka kwa maneno. Mwenzake wa hesabu, Abdiwahab, hakumficha: “Abaayo, dada yangu, umemwajiri fisi achunge mbuzi, halafu unampimia mshahara!”

“Fisi ukimfunga kamba hubweka vizuri,” alimjibu. “Huoni mbwa wako? Naye babu yake alikuwa wa porini.”

Utaratibu wake hauna uchawi. Kwanza mwanafunzi huenda mahali. Sokoni, kwenye kisima, kwenye foleni ya kliniki, popote, ilimradi aende kwa miguu yake na kurudi na daftari. Kisha humpa Abti yale aliyoyaona na kumwambia aandike. Baada ya hapo kalamu mbili hutoka. Sentensi ambayo mwanafunzi anaweza kuiapia hupigwa mstari wa kijani. Sentensi ambayo Abti ameitoa hewani hupigwa mwekundu. Wiki ya kwanza, anasema Ruqiya, karatasi zilionekana kama zimechinjiwa kuku.

Halafu karatasi hiyo hufunikwa, na mwanafunzi huandika yake kwa mkono, kwa maneno yake. Akimaliza, ndipo Abti huitwa tena, safari hii kama msomaji: umeelewa nini, wapi umepotea, nini hakijakutosha? Mwanafunzi ana haki ya kumkatalia, lakini aandike sababu.

“Hapo ndipo anafaa, na anafaa sana,” anasema Ruqiya. “Mimi nina wanafunzi arubaini na watatu. Siwezi kumsomea kila mmoja rasimu nne. Abti anaweza, na hachoki, na hamcheki mtu Kiswahili chake. Timiro alikuwa anaona haya kunionyesha sentensi. Yeye humwonyesha Abti mara sita, halafu ananiletea ya saba.”

Malalamiko hayakukosekana. “Zamani kazi ilikuwa dakika tatu,” anasema Abdimalik. “Sasa ni siku tatu, na viatu vimeisha.” Lakini ndiye huyo huyo ambaye mwezi Juni aliandika ukurasa mzima juu ya kisima cha Hadado, jinsi kamba inavyoimba juu ya gogo na jinsi ngamia wa kila ukoo wanavyojua zamu yao. Ruqiya aliusoma mbele ya darasa. Hapakuwa na tone la mto ndani yake.

Alhamisi inafika na joto lake. Saa mbili kasorobo, simu zote zinatiwa kwenye karai la plastiki mlangoni. Noordin anaingia na chaki, anafikiri kidogo, anaandika ubaoni: *Andika ripoti ya ukurasa mmoja na nusu kuhusu tatizo unalolijua. Sema unataka nini kifanywe, na nani akifanye.*

Ruqiya haruhusiwi kuingia. Anatembea uani kutoka bombani hadi kwenye ukuta na kurudi. Abdiwahab anapita na madaftari yake ya hesabu.

“Abaayo, keti. Utachimba mtaro.”

“Niache. Uwe na dini.”

Dirishani anaonekana Timiro. Kwa dakika ishirini nzima hajaandika neno. Kalamu iko mezani, macho yako ukutani. Ruqiya anasimama. Midomo yake inatikisika, na si vigumu kujua anasoma nini. Kisha msichana anainama, na hainuki tena hadi kengele.

Msahihishaji ni Amran Nuh, mwalimu mstaafu anayeishi Masalani. Karatasi zilisafirishwa kwake kwenye bahasha iliyotiwa lakiri, bila majina, namba tu. Siku nne zilipita. Kwa siku hizo nne, wanasema watoto wa Ruqiya, nyumbani kulikuwa na anjera iliyoungua na mama asiyesikia akiitwa.

Siku ya tano, saa nne asubuhi, simu ya Noordin inalia akiwa uani na walimu. Anaweka sauti ya nje.

“Salaam aleikum, Mkuu. Nimemaliza,” anasema Amran. “Matokeo nitayatuma. Lakini kwanza nina swali, na nimekosa usingizi kwa ajili yake. Hii karatasi namba kumi na saba. Hizi kaya sitini na nne. Zilipata maji?”

Noordin anamtazama Ruqiya. Ruqiya ameziba mdomo kwa ncha ya shela.

“Mkuu? Unanisikia? Huyu mtu ameandika kwamba mara ya kwanza alitoa hesabu isiyo sahihi, na kwamba kosa ni lake. Ameorodhesha nyumba kwa majina ya wenyewe, mmoja mmoja. Anasema maji ya lori hukaa siku sita, na anataka bwawa lichimbuliwe kabla ya mvua. Sasa mimi nauliza, limechimbuliwa au halijachimbuliwa?”

“Bado,” anasema Ruqiya, na sauti yake iliyozoea kufika barabarani inatoka kama ya mtoto. “Bado, mwalimu.”

“Basi mnangoja nini?”

Kwa miaka kumi na miwili, Ruqiya anaeleza baadaye, wasahihishaji wamempigia simu kuhusu nukta, mkato na herufi kubwa. Hajawahi kupigiwa simu na mtu anayetaka kujua kama watu wamepata maji. “Pale nilijua tumeshinda,” anasema. “Hata kabla ya hesabu.”

Hesabu ilikuja mchana: wanafunzi thelathini na saba wamepita kati ya arubaini na watatu. Timiro, ambaye alikuwa amefeli majaribio mawili ya muhula na angeondolewa chuoni akifeli tena, alipata sabini na moja. Noordin alikwenda mwenyewe mlangoni, akaibandua ile karatasi ya marufuku, akaikunja na kuitia mfukoni. “Kumbukumbu,” alisema. Abdiwahab alinunua soda za chumba kizima, akadai alijua tangu mwanzo.

Sita waliofeli hawajasahaulika. Ruqiya ameshawapangia masomo ya asubuhi ya Jumamosi, na amewaonya kwamba atakayechelewa atakutana na mama yake, kwa maana mama zao wote anawajua.

Sasa ana mpango mkubwa zaidi. Mkuu amemkubalia meza na viti vinne vya chuo, na kuanzia Septemba wanafunzi wake watakaa karibu na soko la mifugo kila Jumatano kuwaandikia watu barua za maofisi, bure. Mtu ataeleza shida yake kwa Kisomali, mwanafunzi atauliza maswali ya sahan, Abti atasaidia kupanga, na hakuna barua itakayoondoka mezani kabla mwenye shida hajasomewa kila neno kwa lugha yake.

Lakini barua ya kwanza haitaandikwa sokoni. Likizo ya Agosti ikifika, Ruqiya na Timiro watapanda basi kwenda Banissa, safari ya siku mbili za vumbi.

“Ile barua niliisahihisha mimi. Nikaipa themanini na tano,” anasema, akifunga mkoba wake. “Na mimi sijafika Banissa. Sijawahi! Nilikuwa na kosa lile lile la Abti, tofauti ni kwamba mimi nina kalamu nyekundu. Siwezi kufundisha sahan nikiwa nimeketi. Nitaenda, nitahesabu nyumba moja moja, nitaliona hilo bwawa, halafu barua itaandikwa na itakuwa na majina yetu mawili.”

Na watoto watatu?

“Baba yao ana mikono miwili,” anasema. “Nimeihesabu mwenyewe.”

Timiro ameshampigia baba yake kumpa habari ya mgeni. Khalif alicheka, na binti yake anayarudia maneno yake akiiga sauti nzito ya mzee:

“Mwambie karibu. Chai ipo. Lakini akishakunywa, tutamkalisha tumuulize habari za Garissa. Na asituambie aliyosikia.”